Jeni za maisha marefu: 'Kuhusishwa na' si 'kusababisha'

Kila tunapomzika mkongwe, hakosekani wa kusema, "Ukoo huu huishi sana." Maji hufuata mkondo, wahenga walinena. Katika makala ya leo ninaeleza jinsi sayansi inavyoupima usemi huo, na vitenzi viwili tunavyovichanganya tunapoueleza.

Jeni ni sehemu ya DNA yenye maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Maelekezo hayo huandikwa kwa 'herufi' nne za kikemikali. Sasa, watu wawili huweza kuwa na jeni ile ile lakini wakatofautiana herufi moja au mbili. Mara nyingi tofauti hiyo haina neno: Mmvita husema 'ndia', Muunguja 'njia', na safari ni ile ile. Mara nyingine maana hugeuka, kama 'bata' na 'bati'.

Chukua jeni iitwayo FOXO3. Mwaka wa 2008, Bradley Willcox na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanaume wa Hawaii wenye asili ya Kijapani. Umbo fulani la jeni hiyo lilipatikana zaidi kwa waliotimiza miaka 95 na kuendelea kuliko kwa waliofariki kabla ya miaka 81. Jeni nyingine ni APOE, yenye maumbo makuu matatu. Umbo la e4 huhusishwa na ongezeko la hatari ya Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. E2 huonekana zaidi kwa walioishi sana.

Hapa ndipo vitenzi hutuponza. Tukiandika 'jeni inayosababisha maisha marefu', msomaji huelewa kwamba aliye nayo amepona. Watafiti hawakusema hivyo. Walilinganisha makundi mawili, wakaona umbo moja limezidi upande mmoja. Yaani, linahusishwa na umri mrefu. Wapo walio nalo waliokufa mapema, na wapo wasio nalo waliofikisha miaka mia.

Tena urithi una mipaka. Utafiti wa mapacha wa Denmark uliochapishwa mwaka wa 1996 ulikadiria kwamba takriban robo tu ya tofauti za urefu wa maisha baina ya watu hutokana na jeni. Sehemu iliyobaki ni mazingira, mienendo na bahati.

Jambo jingine ni kwamba wengi waliochunguzwa katika tafiti hizi wana asili ya Ulaya au Asia. Kwa Wayoruba wa Nigeria, uhusiano wa e4 na Alzheimer umeonekana kuwa hafifu kuliko kwa Wazungu. Basi tusiyachukue matokeo ya Hawaii mzima mzima tukayapachika Kitui au Homa Bay.

Mtu anaweza kudhani nabishania maneno tu. La hasha! Mzee mwenye presha anayeacha dawa kwa sababu babake aliishi miaka 98 ameyaweka maisha yake juu ya kitenzi kisicho sahihi. Kwa hivyo, mwandishi na mwalimu wa Kiswahili, utafiti ukisema 'huhusishwa na', nawe andika 'huhusishwa na'. Mkondo wa ukoo upo, lakini haumwezi dawa huyo mzee. Dawa atazimeza mwenyewe.