Tahiri kwa Udhu, Je, Salama kwa Moyo?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyejaalia uhai wa kila kiumbe utokane na maji. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu, ambao maji ya nyumba hupita mikononi mwenu kabla ya kufika vinywani mwetu, leo nataka tuzungumze juu ya jambo lililonianza katika safari.

Miaka michache iliyopita nilitoka Kibwezi, katika kaunti ya Makueni, kwenda Kitui kuhudhuria maziko. Njia ile huvuka mto Athi, ambao pale ndio mpaka wa kaunti hizo mbili. Adhuhuri ilitukuta ukingoni, tukateremka ili tutawadhe. Kilikuwa kiangazi, mto umepungua, na mama mmoja mtu mzima alikuwa amefukua kisima kidogo mchangani, akiteka maji kwa kata na kuyatia katika dumu. Nilimwamkia nikamwomba ruhusa. "Tumia tu, Mwalimu," akanijibu, "maji ni ya Mungu."

Niliyatazama maji yale kama nilivyofundishwa chuoni nikiwa mtoto. Rangi yake haikugeuka. Ladha yake haikugeuka. Harufu yake haikugeuka. Basi yalikuwa tahiri, nikatawadha, nikaswali. Nilipomaliza nilimwuliza kama wao huyanywa. "Huyanywa, lakini twayachemsha kwanza," akasema. Kisha akaongeza, kama mtu anayesimulia hali ya hewa, kwamba daktari amemwambia ana presha, naye hajui imetoka wapi, kwa kuwa chumvi alikwisha kuiacha.

Sisemi kwamba presha ya mama yule ililetwa na mto. Presha ina milango mingi: urithi, unene, chumvi, umri, dhiki ya moyo. Lakini maneno yake yalinifanya nisome, na niliyoyasoma yamenionyesha mlango mmoja ambao wengi wetu hatuujui.

Mto Athi hukusanya maji ya mito ya Nairobi. Mji ule hutia mtoni maji machafu ya majumbani na ya viwandani, na majivu na uchafu wa majaa yake. Katika taka hizo zimo metali nzito kama risasi, kadimiamu na zebaki. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichunguza jaa la Dandora, lililo kando ya mto Nairobi. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao walikutwa na risasi nyingi katika damu kupita kiwango kilichokuwa kikikubaliwa wakati huo.

Mto huohuo ndio unaotegemewa na watu wa Makueni na Kitui, ambao wengi wao huishi katika nchi kavu, ambamo mwanamke hutembea saa nzima kutafuta ndoo moja. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikijenga bwawa kubwa la Thwake, pale mto Thwake unapokutana na Athi, kwa nia ya kuwapa maji watu zaidi ya milioni 1. Ni neema kubwa. Hata hivyo Mkaguzi Mkuu wa Serikali amekwisha kutahadharisha kwamba uchafu utokao Nairobi, zikiwamo metali za sumu, waweza kuyafanya maji hayo yasifae kunywewa iwapo mto hautasafishwa.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya bara peke yake. Athi ukishapita huko huitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Visima vya Baricho, vinavyotupatia maji Malindi, Kilifi na Mombasa, vimechimbwa kando ya Sabaki. Sikusudii kumtia mtu hofu ya bomba lake, kwani maji ya visima vile hupita kwanza katika matabaka ya mchanga, na mchanga huzuia mengi. Nakusudia tujue kwamba sisi na mama yule wa Athi tunakunywa katika mto mmoja.

Tuje sasa kwenye moyo. Risasi ikiingia mwilini, kwa maji, kwa chakula au kwa vumbi, husafiri na damu. Huudhuru utando laini wa ndani ya mishipa, ikawa migumu na haitanuki inavyopasa. Huzidhuru figo nazo, na figo ndizo zinazosaidia kuweka sawa mwendo wa damu. Matokeo yake ni presha kupanda, na presha ikipanda miaka mingi huleta maradhi ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 1.5 walikufa kwa sababu ya risasi, na wengi wao kwa maradhi ya moyo na mishipa. Shirika hilo hilo linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mwaka 2023 Jumuiya ya Moyo ya Marekani nayo iliwahimiza madaktari wazihesabu risasi, kadimiamu na aseniki miongoni mwa mambo yanayoutia moyo hatarini.

Kwa wanawake kuna la ziada. Risasi hufanana na kalsiamu, hivyo mwili huihifadhi mifupani, na huko hukaa miaka mingi. Mama anapobeba mimba, mifupa hutoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo ikamfikia kichanga tumboni. Na anapokoma hedhi, mifupa hudhoofika, ile risasi ya ujana ikarudi katika damu wakati ambao moyo wake unahitaji zaidi kuhurumiwa.

Na kuchemsha je? Kuchemsha huua vijidudu, na tusikuache kamwe. Lakini metali haifi kwa moto. Mvuke huondoka, metali hubaki sufuriani. Klorini nayo haiiondoi. Hapa ndipo nilipokumbuka somo langu la chuoni. Zile alama tatu, rangi, ladha na harufu, wanavyuoni wetu walituwekea ili tujue maji ya kujitwaharishia, na kwa jambo hilo zatosha. Hawakutuambia kwamba ndizo mizani ya afya. Maji yaweza kuwa tahiri kwa udhu, na bado yakamdhuru mnywaji kidogo kidogo. Dini yetu imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine, kwa hiyo kuuliza kilichomo majini ni katika kuihifadhi amana ya mwili.

Tufanye nini, basi? Anayetumia kisima au mto ayapeleke maji yapimwe. Mkemia wa Serikali ana ofisi Mombasa, na maabara nyingine zipo. Gharama ni nzito kwa mtu mmoja, lakini si nzito kwa msikiti mzima au kikundi cha akina mama. Maji ya mvua yaliyotekwa juu ya paa safi, lisilo na rangi kuukuu inayobambuka, ni bora kuliko ya mto uliochafuka.

Kisha tuangalie nyumbani. Sufuria zinazosubiwa kwa vyuma chakavu zaweza kutoa risasi, hasa zikipikiwa vitu vikali kama ukwaju na ndimu. Betri kuukuu za gari zisivunjwe uani wanakocheza watoto. Tumbaku ina kadimiamu, basi anayevuta ndani huwavutisha wote. Na wanja, dada zangu: sunna imeutaja wanja wa ithmid, lakini baadhi ya wanja unaouzwa leo umetengenezwa kwa jiwe la risasi. Usiojulikana asili yake usitiwe machoni, sembuse kwa kichanga anayejipangusa kisha akanyonya vidole. Mjamzito ale vyakula vyenye kalsiamu na madini ya chuma, kama maziwa, dagaa, kunde na mboga za majani, kwani mwili ulioshiba hivyo hunyonya risasi kidogo. Na kila aliyefika miaka 40 apimwe presha, hata kama hajisikii kuumwa.

Lakini mama wa Athi hawezi kuusafisha mto kwa chungu chake. Wajibu huo ni wa aliye juu ya mto: mwenye kiwanda, mji na serikali. Sisi wa Pwani tunalijua hili kwa uchungu, kwa yaliyowapata watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri jirani na nyumba zao. Phyllis Omido aliwasimamia, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya Mazingira. Kesi ilipanda na kushuka mahakamani, hata Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarejesha hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3. Haki ilichelewa, lakini ilisimama kwa sababu akina mama hawakunyamaza.

Ikiwa jirani wa mlango ana haki juu yetu, basi na jirani wa mto anayo. Tunapoulizia usafi wa Sabaki, tuulizie na wa Athi. Mimi siku ile niliondoka nikiwa na udhu wangu, nikamwacha mama yule na dumu lake. Namwomba Mwenyezi Mungu ampe afya, aziponye nyoyo zetu za nyama na za imani, na atujaalie tusiwe katika wanaoyachafua maji ya wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq.