Damu ya wanawake wa Pemba na fumbo la mtoto njiti

“Siku zako za mwisho uliziona lini?” Mkunga yeyote wa kliniki huanzia hapo. Pemba jibu linaweza kuja kwa mwezi mwandamo: Mfunguo Tatu, kabla ya Idi Kubwa. Ni jibu la mtu anayejua kalenda yake. Tatizo ni kwamba kadi ya kliniki huhesabu wiki, na ujauzito mzima ni wiki 40. Anayekosea mfunguo mmoja amekosea wiki nne na ushei, na wiki nne zinatosha kumtenga mtoto aliyetimia na mtoto njiti.

Njiti ni yule anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4, yaani mmoja katika kila watoto kumi. Mitaani bado tunasikia kwamba mtoto wa miezi saba huishi kuliko wa miezi minane. Si kweli, na imani hiyo ni ya hatari. Kila wiki anayobaki tumboni humwongezea nafasi ya kuishi, kwa sababu mapafu ni miongoni mwa viungo vinavyochelewa kukomaa.

Je, mwili wa mama hutoa ishara kabla uchungu haujaanza? Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walionyesha kwa ultrasaundi kwamba kadiri mlango wa kizazi unavyokuwa mfupi, ndivyo hatari ya kujifungua mapema inavyoongezeka. Mwaka 2007 timu ya Profesa Kypros Nicolaides wa London ikaripoti kuwa homoni ya projesteroni, ikiwekwa ukeni kila usiku, inapunguza hatari hiyo kwa wanawake ambao mlango huo haukuzidi milimita 15. Hatua kubwa, ila kipimo hicho kinataka mashine na mikono iliyofunzwa, navyo ni haba vijijini.

Ndipo macho yakageukia damu. Mwaka 2018 Stephen Quake na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakishirikiana na watafiti wa Denmark, walisoma vipande vya RNA, yaani jumbe zitokazo kwenye jeni, vinavyoelea katika damu ya mjamzito, kutoka kwa mama, kondo la nyuma na mtoto mwenyewe. Viliwasaidia kukadiria umri wa mimba, na katika kundi dogo la wanawake waliokuwa tayari hatarini viliashiria nani angejifungua kabla ya wakati, hata miezi miwili mapema. Quake ana sababu ya nyumbani pia: binti yake alizaliwa karibu mwezi mmoja kabla ya siku zake.

Lakini hatua inayotuhusu zaidi ilipitia kwetu. Katika utafiti uitwao AMANHI, ulioratibiwa na WHO, wajawazito wa Sylhet nchini Bangladesh, Karachi nchini Pakistan na Pemba walijitolea damu na mkojo tangu mimba ikiwa changa, wakapimwa ultrasaundi ili umri wa mimba ujulikane kwa uhakika, kisha wakafuatwa hadi walipojifungua. Kwa Pemba kazi hiyo iliwahusisha wataalamu wa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, Chake Chake. Sampuli zilihifadhiwa kwenye baridi kali zikisubiri maswali.

Swali mojawapo lilijibiwa mwaka 2020. Watafiti walichukua sampuli za wanawake 81 kutoka maeneo hayo, pamoja na Matlab ya Bangladesh na Lusaka ya Zambia. Wanawake 39 kati yao walijifungua njiti. Kompyuta ilipounganisha RNA, protini na kemikali za damu na mkojo, iliweza kulinganisha mama wa njiti na mama wa mtoto aliyetimia, na kumtambua aliye hatarini takribani mara 83 katika kila 100. Miongoni mwa dalili kuu zilikuwa protini ambazo mwili huzitoa unapopambana na maambukizi au majeraha. Wanawake 81 ni wachache, na hakuna muuguzi anayeweza kutumia kipimo hicho kesho asubuhi. Hata hivyo, njia imeonekana, na imeonekana katika damu ya wanawake wa mataifa yanayozika njiti wengi.

Kwa nini kujua mapema ni jambo la uhai? Tazama dawa ya deksamethazoni, sindano ya bei ndogo anayochomwa mama ili mapafu ya mtoto yakomae haraka. Jaribio lililofanyika katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2015, lilieneza dawa za aina hiyo hadi vijijini, ambako umri wa mimba mara nyingi ulikuwa wa kukisia. Wengi waliochomwa walijifungua watoto waliotimia, na kwa jumla vifo vya watoto wachanga vikaongezeka. Mwaka 2020 jaribio jingine, katika hospitali za nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo, lilianza kwa kuhakikisha umri wa mimba kwa ultrasaundi. Safari hii, kwa kila wanawake 25 waliopewa deksamethazoni, mtoto mmoja zaidi aliokolewa. Kilichobadilika zaidi ni uhakika wa kujua nani anaihitaji na lini.

Kwa hiyo wanaomiliki maabara na hataza wana deni. Kipimo kitakachotokana na damu iliyotolewa Pemba kirudi Pemba, kwa bei ambayo kituo cha afya cha shehia kinaimudu, kisiishie kwenye hospitali za wenye bima.

Nawe msomaji, kama wewe au mkeo, dada yako au binti yako ameshika mimba, msisubiri tumbo lionekane. Nendeni kliniki kabla ya wiki ya 12, na ulizieni ultrasaundi kabla ya wiki ya 24, kama WHO inavyoshauri. Tarehe itakayoandikwa kwenye kadi siku hiyo ndiyo mkunga atakayoitegemea uchungu ukija mapema.