Rangi ya bafu ilivyotaka kunigombanisha na mume wangu

Kuna wakati mimi na mume wangu tulinuniana wiki nzima kwa sababu ya kijani. Si kijani cha timu ya mpira wala cha chama. Ni kijani cha ukuta wa bafu.

Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza kwenye nyumba yetu pale Kimara. Si unajua mambo ya kujenga kwa mshahara? Sebule ina rangi, jiko halina, bafu lina marumaru nusu ukuta na juu ni plasta tupu. Mume wangu akasafiri kikazi Mwanza, wiki mbili. Nikajisemea, akirudi atakuta zawadi. Nikaenda dukani, nikafunua kitabu cha rangi, nikachagua kijani cha embe bichi kutoka kwenye kipande kisichozidi stempu ya barua. Fundi akaniuliza, "Dada, una uhakika?" Nikamjibu, "Fundi, we paka tu."

Aliporudi alisimama mlangoni, akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Pazuri, mke wangu." Nikafurahi kweli.

Kasheshe ilianza kesho yake. Nipo mbele ya kioo najipaka poda, yeye anapiga mswaki pembeni. "Uko sawa? Unaonekana umechoka." Siku ya pili: "Hujalala?" Siku ya nne akaniuliza kama nimepima malaria! Na mimi nikijitazama naona kweli, uso umepauka, macho yameingia ndani. Nikabadilisha poda mara mbili. Nikaanza kuamini kwamba nazeeka, na mume wangu ndiye wa kwanza kuona. Jamani, maneno kama hayo mwanamke hayatupi, anayaweka. Wiki ya tatu yakanitoka: "Kama umenichoka, sema." Ndipo tukanuniana.

Aliyetupatanisha ni umeme kukatika. Asubuhi hiyo nilibeba kioo kidogo nikakaa dirishani sebuleni. Poda ile ile, uso ule ule. Akapita, akasimama, akasahau kwamba tumenuniana. "Leo umependeza. Umefanya nini?" Sikuwa nimefanya kitu. Tukatazamana, kisha wote wawili tukageuka kuangalia mlango wa bafu.

Hapo ndipo alipokiri kwamba rangi ile hakuipenda tangu siku ya kwanza. "Ulisema ni zawadi, ningesemaje?" Yaani karibu mwezi mzima nilidhani naumwa, kumbe naumwa ukuta!

Ukuta unapaka uso

Kwa taarifa yako, haya si mambo ya kufikirika. Mwanga ukigonga ukuta wenye rangi kali, unarudi ukiwa umebeba rangi hiyo. Sebuleni kuta ziko mbali, huwezi kuona sana. Bafuni ziko karibu, mwanga unaruka kutoka ukuta hadi ukuta, na wa mwisho kuupokea ni uso wako kwenye kioo. Ndiyo maana rangi iliyoonekana ya upole dukani inakolea mara dufu ikiingia chumba kidogo.

Kijani kina kesi yake ya pekee. Mwaka 1914 daktari wa upasuaji wa San Francisco, Harry Sherman, aliacha chumba cheupe cha upasuaji akahamia cha kijani, kwa kuwa kijani ni kinyume cha wekundu wa damu na kinapumzisha macho ya daktari. Kwa chumba cha upasuaji ni sawa kabisa. Lakini uzuri wa ngozi zetu uko kwenye ule ujotojoto wake, wekundu na udhahabu. Ukiuzungushia kijani kikali, unaufifisha. Krimu, pichi, waridi hafifu, rangi ya mchanga au ya udongo hurudisha mwanga wenye joto, na uso unanawiri. Unapenda kijani au bluu? Hakuna aliyekukataza. Chagua iliyopauka, au ipake ukuta usiotazamana na kioo.

Jaribu kabla hujalipa

Nunua kopo dogo kabisa. Paka mikono miwili kwenye kipande kikubwa cha boksi au ubao, kiache kikauke, maana rangi mbichi haifanani na iliyokauka. Kisimamishe karibu na kioo. Kitazame asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Halafu weka uso wako pembeni yake.

Taa nayo usiisahau. Kwenye boksi la taa kuna namba: 2700 au 3000 ni mwanga wa njano wenye joto, 6500 ni mweupe unaoelekea bluu. Rangi moja, taa mbili, ni kuta mbili tofauti. Sisi tulikuwa na 6500 juu ya kijani. Si mchezo!

Unyevu hauna adabu

Hata rangi nzuri namna gani, bafu letu la joto la Dar litaishambulia. Wazee wa pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, walitumia chokaa, na hawakukosea. Chokaa inaacha ukuta upumue, na ukali wake haupendwi na ukungu. Leo wengi tunatumia rangi za dukani, basi zingatia haya:

Kwanza, usipake juu ya ukungu, utarudi tu. Usafishe kwa dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, fungua dirisha, na kamwe usiichanganye na dawa kali za kusafishia choo. Mchanganyiko huo unatoa hewa yenye sumu.

Pili, kama ukuta unatoa unga mweupe au unavimba, hilo ni tatizo la maji si la rangi. Tafuta bomba linalovuja kwanza.

Tatu, chagua rangi inayong'aa kiasi na inayofutika, siyo ile ya kawaida ya sebuleni. Inayong'aa sana inafutika vizuri zaidi, ila inaanika kila shimo la plasta.

Nne, soma kopo kama limeandikwa halina risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Kama una mimba, kazi ya kukwangua rangi ya zamani si yako.

Piga hesabu

Fundi akikuambia ndoo ya lita 20, tabasamu kwanza. Lita moja kwenye ukuta laini hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Bafu letu ni mita 2 kwa 1.5, na juu ya marumaru imebaki mita 1.2 ya ukuta. Mzunguko ni mita 7, kwa hiyo ukuta ni mita za mraba 8.4. Ongeza dari 3, zidisha mara mbili kwa mikono miwili: hazifiki 23. Galoni moja ya lita 4 inatosha na kubaki.

Sasa ninyi wawili

Awamu ya pili tulikwenda dukani pamoja. Yeye alitaka nyeupe, mimi nilitaka rangi. Tulibeba makopo mawili madogo, tukapaka boksi, tukalihamisha kutwa nzima kama wagonjwa wa akili. Tukaangukia krimu yenye uwaridi kidogo, kama chai iliyozidishiwa maziwa, na taa tukabadilisha. Gharama ya kurudia iliniuma, sikufichi. Lakini kilichoniuma zaidi ni lile "pazuri" la uongo lililonifanya niuchukie uso wangu mwenyewe. Naye kilichomuuma ni kwamba sikumpa nafasi ya kusema lingine.

Kwa hiyo, kabla hujampa fundi hela ya rangi, msimamishe mwenzi wako mbele ya kioo, shikeni lile boksi katikati yenu, muulize anaonaje. Akisema "pazuri" haraka haraka, muulize mara ya pili.