Popo Huzaliwa na Mabawa, Ramani Humpa Mama

Asubuhi, chini ya mkungu wa Bagamoyo, si ajabu kukuta kokwa zilizogugunwa na makapi yaliyotemwa: popo wamekula hapo usiku. Wengi hudhani kuufikia mti huo ni silika tu, kwamba popo hana la kufundishwa. Kwa upande wa kuruka hawajakosea sana. Kitoto cha popo hupigapiga mabawa kikiwa bado kinaning'inia, mpaka misuli ikomae, ndipo kiachie. Lakini kuruka ni jambo moja na kujua uendako ni jingine, na hilo la pili naliona ni elimu. Ushahidi mzuri unatokana na popo wa Misri, mla matunda ambaye hata Afrika Mashariki yupo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv waliwavisha mama na watoto vifaa vidogo vya kufuatilia safari zao. Wiki za mwanzo mama huruka na mtoto kifuani, kang'ang'ania chuchu kwa meno ya utoto yaliyopinda kama ndoana. Akishakuwa mzito, humwacha juu ya mti, akaenda kula, kisha akamrudia. Na mti ni uleule, usiku baada ya usiku. Siku mtoto anapotoka peke yake, huelekea mti huohuo, ingawa hajawahi kuufikia kwa mabawa yake. Utafiti mwingine wa chuo hicho, wa mwaka 2020, ulionyesha kwamba vijana hao baadaye hukata njia za mkato wasizowahi kupita. Ramani wanayo kichwani.

Mtu atasema pua inatosha. Kweli, embe bivu hunukia, na popo ana pua kali, lakini harufu humfaa akishakaribia. Mwingine atasema mama hafundishi, anatua mzigo tu. Huenda, ila mwanafunzi hujifunza hata kama mwalimu hakukusudia. Lenye uzito zaidi ni kwamba Tel Aviv si Bagamoyo: miti ni mingine, misimu ni mingine. Hata hivyo popo ni wa jamii ileile, na mama wa huku naye hubeba mtoto. Kwa hiyo anayeangusha mkungu au mbuyu wa zamani njia ya Kaole ili kupisha nyumba hapunguzi matunda tu, anafuta kituo ambacho popo wachanga wangeanzia. Na mbuyu wenyewe, ambao maua yake hufunguka jioni, huwahitaji popo hao uchavushwe. Mwenye kiwanja, kabla hujaita mtu wa msumeno, tazama kwanza kama chini ya mti wako kuna makapi.