Chepyuk: Fidia Iliyotolewa kwa Ardhi ya Wengine

Vita vya Mlima Elgon vikitajwa hapa Kitale, wengi husema "ni ukabila tu", na mjadala unaishia hapo. Lakini katika mradi wa makazi wa Chepyuk, aliyeua na aliyeuawa mara nyingi walikuwa Wasabaot wote, lugha moja, mila moja. Mzizi wa vita hivyo ni uhamishaji wa watu.

Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilianza kuwagawia wanajeshi wazungu mashamba ya Trans Nzoia, kwenye malisho ya Wasabaot. Wafugaji wakasukumwa mlimani. Masetla nao walitaka vibarua, wakaja Wabukusu na wengine, kila mwanamume na kipande chake, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni ndani ya kikasha cha bati, wakaishi humo kama maskwota. Mzungu alipoondoka alibakisha wadai wawili: wa "hapa palikuwa petu" na wa "hapa nimemwaga jasho". Wote wana haki. Mashamba mengi, hata hivyo, yaliishia kwa ADC, shirika la serikali la maendeleo ya kilimo, kwa kampuni za kununua ardhi na kwa wenye fedha. Mwaka 1991 na 1992 wanasiasa walipowasha moto wa mapigano ya kikabila, kuni zilikuwa zimekauka zamani.

Serikali huru ilirithi mtindo uleule. Mwaka 1968 Chepkitale, huko juu mlimani, ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama. Waogiek waliokuwa wakiishi humo, ambao pia huitwa Wamosop, wakahamishiwa Chepyuk kama fidia kuanzia 1971. Jamaa zao wa Soy, Wasabaot wa chini ya mlima, ambao nao walikuwa wamebanwa, wakadai palepale. Ikaja awamu ya pili ya mradi, kisha ya tatu, na kila mara wapimaji walikata upya mashamba yaliyokwisha kulimwa. Katika ile ya tatu, waombaji zaidi ya 7,000 waligombea viwanja 1,732. Mtu aliyelima shamba kubwa kwa miaka aliambulia ekari mbili na nusu. Mwingine hakuona jina lake kabisa. Humo ndimo kundi lenye silaha la SLDF (Sabaot Land Defence Force) lilimopata vijana. Mamia waliuawa, na Machi 2008 jeshi lilipoingia, wanakijiji walilia tena, safari hii kwa mateso ya askari.

Septemba 2022, mahakama ya ardhi ya Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni ya Waogiek. Lakini uamuzi huo peke yake hautazuia makosa ya Chepyuk yasirudiwe. Kwa hiyo kabla ya mradi mwingine wowote wa makazi, serikali itundike orodha ya majina kwa chifu, iache watu waipinge, ndipo wapimaji waje.