Bunduki ya Gemu Haijafa, TV Ndiyo Imebadilika

Mwaka huu nimeulizwa swali moja mara tatu hapa Kiseke, na kila aliyeuliza alikuwa ameshika kitu kilekile: bunduki ya plastiki yenye waya mrefu, iliyokuja na gemu la TV la zamani. "Kaka, mbona haiui bata?" Gemu linawaka, pedi zinafanya kazi, muziki ule wa kitoto unalia, bata wanapaa. Ukifyatua, kioo kinamweka kidogo tu na bata anaendelea na safari zake. Wa tatu alikuwa ameshaambiwa alete elfu kumi abadilishiwe "kifaa cha ndani". Nikamwambia abaki na hela yake kwanza.

Karibu kila mara bunduki hizi ni nzima. Kilichoziangusha ni TV mpya ya flati ukutani.

Kwanza tujue mashine ilikotoka. Nintendo walitoa Famicom huko Japani tarehe 15 Julai 1983, na gemu la kuwinda bata, Duck Hunt, likafuata 1984. Tanzania Bara wakati huo hatukuwa na televisheni kabisa. Wenzetu Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, ila Bara tulisubiri hadi 1994 ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo familia nyingi za Mwanza ziliponunua TV ya kwanza, Famicom ilikuwa imeshazeeka, na viwanda vya Asia vilikuwa vinaiiga kwa bei chee. Ubongo wote wa mashine ulisogezwa ndani ya chipu moja iliyofunikwa kwa tone la gundi nyeusi. Fungua gemu la namna hiyo, au kaseti yake yenye maandishi ya "gemu 9999 ndani ya moja", uwezekano ni mkubwa utalikuta tone hilo. Ndiyo maana Mzungu akisema gemu za kale anawaza 1985, na sisi tunawaza 2005 sebuleni kwa jirani.

Sasa tuje kwenye bunduki yenyewe. Wengi wanadhani inatoa kitu: mwale, leza, mawimbi. Haitoi chochote. Bunduki hii ni jicho. Mdomoni ina lenzi ndogo, nyuma ya lenzi kuna kihisi mwanga, kisha swichi ya kifyatulio na vipuri vichache vya kukuza ishara. Kazi yake ni kujibu swali moja la mashine: umeona mwanga, ndiyo au hapana?

Kinachofyatua kweli ni TV ya kichogo. Nyuma kabisa, kwenye shingo nyembamba ya kioo, kuna kifaa kinachorusha elektroni kuelekea mbele. Koili za shaba zilizozungushiwa shingo hiyo zinaupinda mwale kwa sumaku, nao unapita kioo kama mtu anayesoma gazeti: kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, toka juu hadi chini. Panapopigwa panawaka, na pakishawaka panaanza kufifia papo hapo. Kwa mfumo wa PAL tuliozoea Tanzania, mistari 15,625 inachorwa kila sekunde, na kioo kizima kinapitiwa mara 50. Yaani pito moja ni milisekunde 20. Jicho lako linaona picha iliyotulia kwa sababu lina uvivu wake. Jicho la bunduki halina uvivu huo.

Ukifyatua, mashine inafuta kila kitu na kuchora kioo cheusi. Pito linalofuata inachora kisanduku cheupe pale bata alipo. Wakiwa bata wawili, vinakuja visanduku viwili, kimoja baada ya kingine. Kama bunduki imeona giza, kisha ikaona mwanga wakati kisanduku fulani kinachorwa, bata wa kisanduku hicho ni wako. Mmweko ule unaouona ndio huo.

Hapo pia utaelewa kwa nini ujanja wa kuielekeza kwenye balbu haufui dafu kwenye bunduki halisi ya Nintendo. Ikiona mwanga wakati kioo kinatakiwa kuwa cheusi, mashine inajua unaiba. Na saketi yake imetegeshwa ipokee mwanga unaopepesa kwa kasi ya mistari ya TV, siyo mwanga uliotulia. (Kubandika mdomo wa bunduki kwenye kioo, hilo linafanya kazi, na kila aliyewahi kucheza analijua.)

Flati inaharibu mambo yote mawili. Haina mwale unaotembea: taa yake ya nyuma inamulika kioo chote kwa pamoja, kwa hiyo ule mpepeso ambao bunduki inausubiri haupo. Halafu inachelewa. TV ya kichogo inachora ishara inapoingia, bila kuihifadhi popote. Flati inaipokea, inaiweka kwenye kumbukumbu, inaitanua ienee kwenye kioo, ndipo inaonyesha. Makumi ya milisekunde yameshapita. Mashine inauliza "umeona mwanga?" wakati kisanduku hakijafika kiooni, inajibiwa hapana, bata anapaa. Ubadilishe kihisi mara kumi, jibu ni hilohilo.

Kabla hujapeleka hela kwa mtu, ichomeke kwenye kichogo chochote kinachowaka. Kama bata hafi hata hapo, fungua bunduki na weka mita kwenye swichi ya kifyatulio, kisha kagua waya pale unapoingilia kwenye mpini, maana ndipo unapopindwa kila siku na kukatika kwa ndani.

Wapo wanaosema kichogo hakina maana tena tangu mitambo ya analojia izimwe, Dar es Salaam Desemba 2012 na Mwanza 2013. Si kweli. Kilichozimwa ni minara. Gemu la TV lenye waya wa antena ni kituo kidogo cha kurushia matangazo ndani ya waya, na kichogo kitalipokea kama kilivyopokea king'amuzi miaka yote hii.

Kwa wale wa uhandisi wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho, kuna njia ya kuwinda bata kwenye flati, lakini inataka bunduki ya aina nyingine. Unaweka kamera ndogo mdomoni, programu inachora fremu nyeupe kuzunguka picha, kamera inaitazama fremu hiyo na kukokotoa mdomo umeelekea wapi. Wii ya Nintendo, 2006, ilitumia wazo la jirani: taa za infraredi kwenye TV na kamera kwenye rimoti. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Uingereza iliyotoka 2012, inatosha kuendesha gemu lenyewe. Mimi ningeanzia hapo kuliko kurudia ule mradi wa taa za barabarani tunaouona kila maonyesho.

Ila vichogo navyo vinaisha. Mji huu una eneo zima, Makoroboi, lililopata jina kwa taa zilizotengenezwa kwa makopo chakavu, kwa hiyo kugeuza takataka kuwa mali si jambo geni kwetu. Kichogo kwa sasa hakigeuzwi kuwa kitu. Vijana wa skrepa wanavunja shingo, wanachomoa koili za shaba, na kioo kinabaki mtaroni. Kioo hicho kina madini ya risasi, na mitaro ya huku mvua ikinyesha inajulikana inaelekea wapi: ziwani.

Changu cha inchi 14 nilikinunua kwa bei ya sahani tatu za wali na sato, kutoka kwa mama aliyekuwa anamsubiri kijana wa mizani. Kama utapata chako, kitumie hivyohivyo, na usifungue mgongo wake hata kama unajua kuchomelea. TV ya rangi inapeleka zaidi ya volti 20,000 kwenye kioo, na umeme huo unaweza kubaki humo baada ya kuchomoa plagi. Hapo muite fundi wa TV aliyezeeka na kazi.