Kocha Anayesikiliza: Namna ya Kujifunza Kazi Hii Bila Kuacha Familia



Hapa Kasongo na Kabambare, tukisikia neno "kocha" wengi tunafikiri mtu wa mpira. Lakini kuna kocha wa aina nyingine: mtu anayemsindikiza mwenzake mpaka apate mwenyewe njia ya kutoka katika shida. Kazi hii inaweza kusaidia familia zilizokimbia vita, pamoja na viongozi wanaozipokea.

Kocha anafanya nini?

Tuchukue mfano. Mama amekimbilia Lusangi na watoto wake. Anataka kurudi kulima shamba lake, lakini anaogopa, na familia iliyompokea imechoka. Wengi watamwambia: "Fanya hivi." Kocha anauliza: "Mama, kwako jambo la kwanza ni lipi? Nani unamwamini? Wiki hii unaweza kuanza na nini?" Kisha ananyamaza na kusikiliza. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Uamuzi ukiwa wa mama mwenyewe, ataushika.

Kocha si hakimu wala daktari. Kesi ya shamba inabaki kwa barza na mashefu. Mtu aliyebakwa asindikizwe hospitali mara moja, kabla ya masaa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia Ukimwi. Na siri ya mtu haipelekwi sokoni.

Mafunzo ya kuchanganya ni nini?

Ni kujifunza kwa njia mbili pamoja. Sehemu moja mnakutana uso kwa uso na mwalimu. Sehemu nyingine unajifunza nyumbani, kwa simu, intaneti au vitabu. Njia hii inamfaa mtu asiyeweza kuacha watoto na shamba kwa miezi mingi. Lakini kusoma peke yake hakutoshi: kusikiliza kunajifunzwa kwa kufanya, huku wengine wakikuangalia na kukurekebisha. Pale ambapo rezo ni ya shida, ombeni masomo ya karatasi, au ya sauti yaliyowekwa kwenye kadi ya simu.

Inachukua muda gani?

Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lilianzishwa mwaka 1995. Lina ngazi tatu:

1. Ya kwanza: masaa 60 ya masomo na masaa 100 ya kusindikiza watu.
2. Ya pili: masaa 125 ya masomo na masaa 500 ya kazi.
3. Ya tatu: masaa 200 ya masomo na masaa 2,500 ya kazi.

Juu ya hayo kuna masaa 10 ya kusindikizwa na kocha mzoefu, na mtihani. Kwa hiyo semina ya siku tatu haimfanyi mtu kuwa kocha wa kazi.

Kabla ya kutoa franga, ulizeni:

- Cheti hiki kinatambuliwa na nani?
- Nani atanisikiliza nikifanya mazoezi?
- Masomo ni kwa lugha gani?
- Rezo ikikatika, nitaendeleaje?

Asiyejibu wazi, msimpe pesa.

Ninyi viongozi, mnaweza kuanza leo bila cheti. Mtu akija na shida yake, mwulize maswali mawili kabla ya kumpa shauri lolote. Watu waliopoteza nyumba na mashamba wasinyang'anywe pia haki ya kuamua maisha yao.